Bakteria Waliokataa Kusimama

Nilipotoka chuo kikuu na kupangiwa maabara ya mifugo Shinyanga, nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikuamini kitu mpaka nikione. Mkuu wangu wa kazi alikuwa na ugonjwa wa kinyume. Akiona kwenye hadubini bakteria wa umbo la vijiti walioshika rangi ya zambarau, aliandika "kimeta", akafunga faili, akaenda kunywa chai.

Kiangazi kimoja akaja mama mjane kutoka upande wa Mhunze. Tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Maksai wake mmoja alikuwa amekufa ghafla, naye, kama bwana mifugo alivyowafundisha wafugaji, akatuletea ncha ya sikio. Aliifunga kwa majani makavu, kwa uangalifu wa mtu anayepeleka mayai kwa wakwe. Tukapandikiza damu yake kwenye sahani za maabara, vijiti vikaota, mkuu akaandika neno lake. Hiyo ilimaanisha ng'ombe wote waliobaki wasitoke zizini, wasije wakaeneza ugonjwa. Lakini kisima chao kilikuwa kimekauka, na maji yalikuwa mwendo wa siku mbili.

"Wasipokufa kwa kimeta chako," Mayu alimwambia, "watakufa kwa karatasi yako."

Nami nikaanza uchokozi. Nikamkumbusha mkuu kwamba jenasi ya Bacillus, anamotoka wa kimeta, ni ukoo mkubwa: wote wanapenda hewa, wote wanashika zambarau, na wengi wao hukaa kwenye udongo na majani makavu, kama yale yaliyofunga sikio, bila kumwua yeyote. Akasema vitabu vyangu havijawahi kuchunga ng'ombe.

Nikaweka tone la bakteria hai chini ya hadubini. Walikuwa wanaogelea, na wa kimeta haogelei. Mkuu akachungulia, akasema natikisa meza. Nikaenda kusimama mlangoni, mikono mgongoni. Akasema ni upepo. Nikafunga dirisha. Mayu akaomba naye aangalie. Alipoambiwa kwamba wa kimeta hukaa palepale, alichungulia muda mrefu.

"Mimi simtambui ng'ombe wangu kwa rangi tu," alisema. "Wa jirani ana rangi hiyohiyo. Namngoja atembee."

Nilijiona mshindi, mpaka mkuu aliponiuliza, kwa upole uliouma, nimejuaje kama kati ya hao wa majani hakujificha hata mmoja wa kimeta. Swali lile lilipaswa kuwa langu, akaniwahi.

Basi tukagawana sahani. Siku mbili tulipima doa moja moja la bakteria, tukarudia na vioo vya hadubini vilivyopakwa damu ya sikio, Mayu amekaa kwenye benchi akitulinda kama mbuzi watoro. Hatukupata hata mmoja aliyesimama. Mkuu akafuta neno lake, akaandika kibali cha kuswaga ng'ombe kwenda majini.

Mayu alikipokea, kisha akaniuliza ni nini basi kilichomwua maksai wake. Nikamjibu kwamba sijui.

Akanitazama kwa huruma. "Mkuu wako angalau angeandika kitu."