Kuwatafuta Choroa wa Jidda

Nilitumwa kwenda kuwatazama choroa, wale swala wakubwa weupe wa jangwani. Ulikuwa mwaka wa tano tangu tutoke Unguja, nami nilikuwa karani Maskati. Mkubwa wangu alitaka kuwaomba wenye amri wapige marufuku kuwinda kwa magari. "Wataniuliza kama wamebaki," aliniambia. "Nenda kawaone kwa macho yako."

Alfajiri, lango la mji lilipofunguliwa, nilitoka na binamu yangu Khelef, dereva. Tulipita Sib, tukapanda bonde la Sumail, na siku ya pili tukafika Adam, mji wa mwisho kabla ya jangwa. Hapo tulimchukua Musallam, bedui wa kabila la Harasis, fundi wa kusoma nyayo.

Siku ya nne tulikuwa uwanda wa Jidda, jangwa la Harasis, si Jidda ile ya mahujaji. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa kusini na majani yamechipua. Musallam alitambaa kwa tumbo, kisha akatuita kwa mkono. Choroa kumi na mmoja, weupe, pembe ndefu, na ndama wawili miongoni mwao! Nililia mbele ya Khelef, naye hakunicheka.

Kesho yake adhuhuri, Musallam akiwa ameenda kwa jamaa zake kuomba maziwa, yalifika magari matatu ya watu nisiowajua. Sikuziona bunduki chini ya turubai. Mabedui wakikutana, kahawa kwanza, kisha habari: mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, nani kapita. Kuficha ni aibu. Mimi, niliyezoea kuchekwa kwa Kiarabu changu, nikaona leo ndipo pa kuonyesha kuwa nami ni mtu wa nchi. Nikawapa mvua, nikawapa na nyayo za choroa zilikoelekea.

"We Nasor, hebu nyamaza!" Khelef alininong'oneza kwa Kiswahili. "Huwajui hawa."

"Nnawapa khabari tu. Ndiyo ada yao."

Alasiri tulisikia milio ya risasi, mbali, mingi. Kulipokucha, Musallam amekwisha rudi, tukafuata alama za magurudumu. Vichwa vilikuwa vimekatwa kwa ajili ya pembe, nyama nyingi imeachwa juani. Ndama mmoja hakuwa na jeraha. Musallam alisema amekimbizwa mpaka moyo ukapasuka. Miili ilikuwa kumi na mmoja, kundi zima, na Musallam hakujua kundi jingine.

Musallam hakunipigia kelele. "Khabari ya mvua ni haki ya kila mtu," alisema. "Nyayo, nani alikuuliza?" Akatwaa kiriba chake, akaenda zake kwa miguu.

Njia ya kurudi Khelef alisimamisha gari Izki. "Tule," akasema, basi. Husemwa mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza vichwa vya wengine, na mimi nikabaki na changu.

Maskati, mkubwa wangu alikuwa ameshika kalamu. "Wapo?"

"Walikuwepo," nikamjibu, "mpaka nilipofika mimi."

Akaiweka kalamu chini. Tangu siku ile nimejifunza kuficha, wala sijui nafichia nini, maana hakuna kilichobaki cha kufichwa.