Dakika Arobaini za Mbaraki

Kazi yangu ni kusoma mwendo wa maji. Mwaka ule kampuni moja ya ukandarasi ilitaka kukarabati nguzo za gati kule Mbaraki, ikaniuliza: maji yakishakupwa na kusimama, mpiga mbizi ana muda gani kabla hayajaanza kuvuta tena? Nilipima siku za maji mafu, mkondo ukiwa mpole, kwani ndizo walizopanga kufanya kazi. Nikaandika: dakika arobaini.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na onyo kwamba hesabu hii haifai siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu. Msimamizi wao, mtu wa bara, aliwasomea wenzake onyo hilo mkutanoni.

"Daktari huyu ana masharti kumshinda mganga!"

Wanaume wote wakaangua kicheko. Nilichukia, na mimi nikichukia huwa mjinga. Nikalifuta onyo. Nikajiambia, kazi yenyewe ni ya maji mafu, la nini?

Baadaye mashine ya kumpelekea mpiga mbizi hewa ikaharibika, kazi ikasogezwa wiki nzima. Hakuna aliyeniambia.

Asubuhi ya Idi, yapata saa nne, nilikuwa kwa mama, Mji wa Kale, na sahani ya vileja mapajani. Simu ikalia. Alikuwa yule msimamizi.

"Idi njema, daktari. Sisi tusio na sikukuu tuko gatini. Maji yamesimama, mpiga mbizi ameshashuka."

Mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Nilikuwa nimepanda darini kuutazama, nikashangilia kama kila mtu. Leo ilikuwa bamvua.

"Mtoe!" nikapiga kelele. "Ile hesabu haifai leo! Mtoe!"

"Wendapi na nguo za Idi?" mama akaniuliza. Nilikimbia hadi barabarani, nikapata tuktuk, na njia nzima nilijilaani.

Nilikuta wanaume wanne wanavuta kamba. Maji yalikuwa yakichemka kwenye nguzo. Mpiga mbizi akatoka, mzima, viganja vimechanwa na chaza kwa kuikumbatia nguzo asichukuliwe.

Msimamizi alinikodolea macho.

"Nilijua," nikasema. "Niliandika onyo, nikalifuta kwa sababu mlinicheka."

Mpiga mbizi akainua kichwa.

"Mimi sikuwapo mkutanoni, daktari," akasema. "Mimi sikucheka."