Siku Emerensiana Alipoanza Adabu

Naandika habari za Emerensiana kwa sababu yeye mwenyewe akiziandika atajisifu mno. Mimi ni Kibibi, Mmatumbi, muuza chai na vitumbua katika kituo cha Mikoroshini, kaskazini kidogo ya Nangurukuru. Yeye ni Mmakonde wa Newala, aliteremka pwani na mumewe, mume akafa, naye akabaki anauza wali kwa samaki meza ya pili kutoka yangu. Hapa kwetu Wamakonde na Wamatumbi ni watani. Kama wataalamu wa mila wana maelezo mengine, waje Mikoroshini tubishane. Kwa hiyo miaka kumi na miwili nilitukanwa kila asubuhi kabla sijawasha moto, nami nikajibu, na hakuna hata siku moja niliyokasirika.

Aliyekuwa akipata kipimo kikubwa zaidi cha matusi ni diwani wetu, Abilahi Mbonde, Mmatumbi mwenzangu. Emerensiana alikuwa akimvua kofia barabarani, akatia dagaa ndani yake na kuondoka nayo, na diwani akaenda kikaoni kichwa wazi huku anacheka. Hiyo ni haki ya mtani. Siku Abilahi aliposhinda udiwani, mama huyu alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba Wamatumbi wameishiwa watu. Diwani alifurahi kuliko alivyofurahia kura.

Sasa mwaka 1996 soko huria lilikuwa limeshatufikia. Mabasi ya watu binafsi yalianza kushindana barabara ya Lindi na Dar es Salaam kila kiangazi, na wanawake wote wa Mikoroshini tukawa mama lishe. Mabasi ya kutoka Lindi yalipita kati ya saa tatu na saa sita. Kliniki ya watoto nayo ilikuwa Jumanne, saa mbili mpaka saa sita, ratiba iliyopangwa zamani tulipokuwa tunalima tu na basi lilikuwa likipita siku linapojisikia. Wewe msomaji unaweza kujumlisha mwenyewe ni watoto wangapi walipelekwa.

Ikaja habari kwamba surua iko Somanga. Emerensiana alikuwa akimlea mjukuu wake Devota, wa miezi kumi na moja, ambaye mama yake alikuwa Masasi anasomea ualimu. Jumanne ile alifunga meza, akambeba mtoto mpaka zahanati. Muuguzi, Sista Genoveva, alimpokea vizuri, akatazama benchi, akahesabu watoto watatu.

"Kichupa kimoja cha chanjo ya surua ni cha watoto kumi, mama," akasema. "Nikishakifungua hakifiki kesho. Siwezi kumwaga dawa ya watoto saba. Nileteeni kumi."

"Basi fungua mchana, watakuja hata thelathini."

"Ratiba si yangu, ni ya halmashauri. Mwambieni diwani wenu."

Emerensiana alipita meza kwa meza kutuomba tufunge Jumanne moja tu. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mimi nilikuwa na mjukuu wa miezi kumi nyumbani, na nilimwambia tutakwenda Jumanne ijayo. Hiyo Jumanne ijayo mabasi yalikuja matatu kwa mpigo, yamejaa, na sikwenda. Naliandika hili ili lisije likasemwa na mwingine.

Ndipo Emerensiana akaamua kulipeleka jambo kwenye mkutano wa hadhara. Alinyoosha mkono, akasimama, na watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Bwana Diwani," akasema, "kliniki ya watoto ihamie mchana. Surua iko Somanga. Watoto watakufa."

Abilahi alikuwa tayari anafuta machozi ya kicheko. "Huyu Mmakonde leo kaanzia mbali. Haya, malizia. Hiyo surua ndiyo mimi, au ni masikio yangu?"

"Sitanii."

Hapo watu walianguka kabisa, kwa sababu matusi yake yote makubwa yalianza na neno hilo. Bwana mmoja wa viti vya mbele ilibidi apigwe mgongoni. Emerensiana alisimama akisubiri kicheko kipungue, hakikupungua, akakaa. Diwani akafunga mkutano kwa kusema hajawahi kuwa na mkutano mtamu namna ile.

Tulirudi pamoja. Njiani akaniambia kwamba kabla ya binti yake aliwahi kuwa na mtoto wa kiume, Alex, na kwamba surua ilimchukua kule Newala akiwa na miaka miwili. Tulikuwa tumetukanana miaka kumi na miwili, nikijua idadi ya meno yake, na hilo sikulijua. Niliona aibu.

Asubuhi yake alipita mezani kwangu. "Shikamoo, Bi Kibibi," akasema.

Nilijimwagia chai mkononi. Ananizidi miaka tisa. Nilimwambia aache upuuzi, akanijibu kwamba Mungu aibariki biashara yangu, akaenda zake kupepeta mchele. Baadaye akapita diwani na baiskeli yake. Emerensiana akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mheshimiwa Diwani."

Yeye alikuwa na miaka hamsini na minane, diwani arobaini na moja. Abilahi alisahau breki, akaingia kwenye rundo la kuni za Valerian, fundi baiskeli. Alipoinuka alitazama nyuma yake kuona kama kuna mzee mwingine anayeamkiwa.

"Unasemaje wewe Mmakonde?"

"Nakuamkia, mheshimiwa. Mama hajambo? Na watoto wazima?"

Diwani akainamisha kichwa, akamsogezea kofia karibu na mkono. Hakuichukua. Alisema ni kofia nzuri na inampendeza.

Wiki nzima ikawa hivyo, na Wamakonde wengine wakafuata. Valerian alimwita mtukufu na kumjazia upepo kwa unyenyekevu uliotisha. Abilahi akakosa usingizi. Alikwenda kumuuliza shehe kama mtu akiamkiwa shikamoo na anayemzidi umri ni laana. Shehe akamwambia atoe sadaka, akatoa, na kesho yake akaamkiwa tena. Mwishowe akawa anapita porini, anasukuma baiskeli katikati ya mikorosho, diwani mzima, ili asikutane na heshima.

Kisha shangazi yake akafariki. Kwa wasioijua mila yetu, msibani watani ndio wanaotuwezesha kupumua. Huingia kaburini wakalala humo wakikataa kutoka, humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huwasema wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi. Siku ile Wamakonde walikuja kwa mstari, nguo safi, wakakaa kwenye mkeka na mikono mapajani. Kaburi lilikaa tupu linawasubiri.

"Poleni sana wafiwa," akasema Emerensiana. "Marehemu alikuwa mtu mwema."

Kilio kilianza upya kutoka pembe zote, maana msiba usio na matusi kwetu ni msiba wa watu waliotengwa. Dada mkubwa wa diwani alimkamata ndugu yake kanzu, akamuuliza ameifanyia nini familia. Baada ya maziko, Abilahi alimfuata Emerensiana, akachuchumaa mbele yake.

"Dada yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mheshimiwa. Nilikwambia neno moja la kweli ukacheka. Nikaona labda utani wangu umezidi, nikauacha."

"Neno gani?"

"La kliniki."

"Lile lilikuwa kweli?"

"Nilimzika mwanangu kwa surua. Nina Devota nyumbani, hana chanjo. Tumebeba watoto mpaka zahanati tukarudishwa kwa sababu hatukutimia kumi, na hatutimii kwa sababu ni saa za mabasi."

Juma lililofuata diwani alikwenda kwenye baraza la madiwani, na inasemekana alianza hivi: "Waheshimiwa, mimi naamkiwa shikamoo na Mmakonde wa miaka hamsini na minane. Naombeni mnisaidie." Ukumbi mzima ulicheka, ukazidi kucheka alipotaja kliniki na surua. Kisha diwani mmoja wa upande wa kaskazini akasimama, akasema kata yake imezika watoto wanne wa surua mwezi ule. Kicheko kikakatika. Kabla ya kufunga kikao walikubaliana kwamba zahanati zote za kando ya barabara kuu zifungue kliniki ya watoto Alhamisi alasiri, na wakaliandika kuwa agizo.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda na mjukuu wangu. Diwani naye alikuja na kofia yake, kupokea shukrani. Sista Genoveva alihesabu benchi, akahesabu tena.

"Tisa," akasema. "Jamani, siwezi."

Emerensiana alimbana Devota kifuani na kutazama sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanamke yule ameishiwa maneno, na nilitamani anitukane mimi, amtukane yeyote, mradi aseme.

Abilahi alisimama mlangoni. Nikamwona anahesabu kitu kichwani, uso ukabadilika, akarukia baiskeli. Alirudi jasho linamtiririka, mke wake mdogo yuko nyuma amepakata mtoto wa miezi kumi. Mke huyo huuza maandazi kituoni saa za mabasi kama sisi sote. Kadi ya mtoto haikuwa na kitu tangu wiki aliyozaliwa.

"Nilidhani mama yake alimpeleka," diwani akatuambia kwa sauti ndogo. Mke akasema alidhani halmashauri ingepanga saa nyingine.

Wakawa kumi. Sista akavunja kifuniko cha kichupa. Devota alichanjwa wa kwanza, akalia kidogo tu. Mtoto wa diwani alikuwa wa mwisho, na Emerensiana ndiye aliyemshika miguu. Kilipokwisha kilio, alimgeuza mtoto huku na huku, akamtazama kwa makini.

"Mtoto mzuri huyu," akamwambia mke wa diwani. "Baba yake ni nani?"

Abilahi Mbonde alikaa kwenye benchi, akaficha uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Sijui kama alikuwa akicheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Emerensiana akamvua kofia, akampangusia Devota makamasi.

Alhamisi iliyofuata walikuja kumi na tisa, na iliyofuata tena, ishirini na sita. Mwezi wa tisa surua ilishuka Mikoroshini na abiria mmoja. Ilikaa kwetu wiki tatu, na hatukuchimba kaburi hata moja dogo.