Kidole Gumba cha Barasa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hapa hapa Doha, nywele zangu zikiwa bado nyeusi. Jumapili unaanza kazi chumba cha upasuaji, kwa hiyo hebu weka hiyo simu chini unisikilize.

Tulikuwa na mgonjwa anaitwa Barasa, dereva wa basi la shule, Mkenya mwenzetu aliyekaa mji wa Al Wakrah. Alikuwa mnene hasa, ilibidi tumtafutie kitanda kipana. Na mdomo! Anasukumwa kwenda kupunguzwa tumbo, bado ananitania: "Sista, ukiona nimenyamaza, jua kuna shida. Mimi hata usingizini huongea." Nikacheka.

Upasuaji ukaisha vizuri. Sasa, mtu akiwa pale ndani hupewa dawa ya kulegeza misuli, mashine ndiyo inampumulia. Mwishoni hupewa nyingine ya kumrudishia nguvu. Daktari kijana akampa, mpira wa kupumulia ukatolewa kooni, tukampeleka chumba cha kuzindukia.

Huko ndiko nilikochanganyikiwa. Barasa kimya. Mikono inarukaruka na kuanguka. Oksijeni inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena. Mwenzangu anasema ni maumivu, nimchome dawa. Mwingine anasema ni usingizi tu, mwacheni. Daktari kijana anaapa kwamba dawa ya kurudisha nguvu alimpa kwa hesabu ya uzito wake. Haya, hesabu ya kilo zipi? Zile alizo nazo, au zile ambazo mtu wa kimo chake angepaswa kuwa nazo? Hapo kila mtu akawa na lake. Mimi nimeshika sindano ya maumivu, sijui nimsikilize nani. Jamani, niliogopa! Mtu angetufia huku tunabishana.

Ndipo nikakumbuka alivyosema kuhusu kunyamaza. Nikamwita Daktari Samia, mama wa Kisudani, mkubwa wetu wa nusukaputi.

"Weka hiyo sindano chini, habibti."

Akambania barakoa ya oksijeni usoni, akawa anamsaidia kupumua. Akaniambia nimbandike waya za kile kifaa cha kupima nguvu za misuli, kinachoshtua mshipa wa fahamu wa mkono mara nne. Mara ya kwanza kidole gumba kikaruka. Ya pili kikachoka. Ya nne kilitikisika kwa shida.

"Bado amelegea," akasema. "Mnagombania mzani, na jibu liko mkononi mwake."

Akamwongezea ile dawa ya kurudisha nguvu. Haikuchukua muda, kidole kikawa kinaruka sawasawa mara zote nne. Barasa akavuta pumzi ndefu, akanitazama machozi yakimtoka.

"Nilikuwa nawasikia nyote," akasema.

Mwanangu, ile hesabu ya kilo inanichanganya hadi leo, na madaktari wenyewe nawasikia bado wakivutana. Sitakudanganya. Lakini kidole gumba kipimwe kabla mpira haujatoka, hasa kwa mtu mnene. Na mgonjwa akihangaika, usikimbilie kumtuliza, kwa sababu huenda anakuomba hewa na hana nguvu ya kusema.

Mungu akupe subira kazini. Kila utakayemlaza, aamke akikuchosha kwa maneno.