Skrubu ya Arobaini na Mbili

Niliingia kwenye ule ukumbi wa kando ya ziwa nikiwa nimejipanga kubishana. Mwenyewe, mzee wa Kihindi ambaye familia yake imefanya biashara Mwanza tangu babu yangu hajavaa viatu, alikuwa anaufunga ili awe anatunzia nyavu. Nilisikia ana miksa ya muziki imelala tu, chaneli kumi na sita. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena, ni kumi na sita kweli. Nikaanza kuiponda kama inavyotakiwa: bati limepauka, kitufe kimoja hakipo, na siku hizi nani anabeba dude zito hivi.

"Bei gani, mzee?"

"Bure."

Mdomo ulishazoea. "Na ya mwisho?"

Akanitazama juu ya miwani. "Bure ndiyo ya mwisho. Ukiendelea nitapandisha."

Nikaibeba kabla hajabadili mawazo. Lakini mpaka nafika kwangu Nyakato roho ilikuwa haijatulia. Kitu cha kuuzwa, ukikiponda, mwenyewe anakitetea, na katika kukitetea anakutajia ugonjwa wake. Hiki hakuna aliyekitetea. Sikujua hata nianze kukiogopa wapi.

Na kosa nilishafanya. Siku hiyohiyo, Jumapili, kabla sijafungua hata skrubu moja, nilikaa kwenye kikao cha sendofu ya mdogo wangu wa kike. Watu wanaahidi mbuzi, wanaahidi viti na soda. Zamu yangu ilipofika nikasimama kama mbunge: muziki niandikieni mimi. Katibu akaandika kwa wino, wakapiga makofi.

Baba hakupiga. Alikuja kutoka Usagara, ameacha ng'ombe wake kwa jirani, na tangu augue koo sauti yake haivuki meza. Sasa kwenye sendofu baba ndiye anayempa binti wosia, mbele za watu, kabla hajakabidhiwa ukweni. Baba yetu, tofauti na mimi, kitu hukisema mara moja. Baada ya kikao mdogo wangu alinivuta pembeni.

"Kaka, keki hata ikikosekana sawa. Mimi nataka nimsikie baba."

Sendofu ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu nikafungua. Skrubu arobaini na mbili. Nilizihesabu nikizitoa, nikazihesabu tena kwenye kifuniko cha ndoo. Ndani nikakuta ziwa. Vile vidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa, miaka yote vilikuwa vinafuata vitaa vya miksa, vinaingia kwenye nafasi za zile feda za kusukuma juu na chini, vinafia humo. Feda zilipoanza kukaza, fundi wa ukumbi akazitia mafuta ya cherehani. Vidudu na mafuta vikawa uji mweusi, uji ukakauka. Nilitaka kumcheka, ila nikakumbuka feni yangu nimeitia mafuta hayohayo.

Nikaanza na mswaki na spiriti, feda moja baada ya nyingine. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Chakula nakila nimesimama. Jumatano nikawasha: chaneli hai, sifuri. Kuhesabu sifuri mara mbili hakuisaidii. Alhamisi nikaanza kuzipatanisha zenyewe kwa zenyewe. Namba tisa, wewe umekufa, mpe feda yako namba mbili. Kumi na nne, toa kitufe. Ijumaa mchana nilikuwa nimeua saba kabisa, na tatu zinapumua: moja ya nyimbo, moja ya mshereheshaji, moja ya baba. Nyingine sita zilikuwa zinakoroma tu.

Nikafunga. Skrubu arobaini na moja.

Nikahesabu tena. Arobaini na moja. Nikaipindua miksa, nikaitikisa, nikaifungua upya na kumulika kila kona. Hakuna. Skrubu iliyolala ndani, mahali pabaya, inaunganisha visivyotakiwa kuunganishwa, cheche moja na kwaheri. Nikafunga na tundu moja wazi.

Jumamosi alasiri, Igoma, turubai limejaa. Nyimbo zikapita, mshereheshaji akapita. Baba akasimama, akashika maiki kama anavyoshika fimbo yake ya kuchungia. Nikasukuma feda ya namba mbili, chaneli yake. Mkono mmoja kwenye feda, mwingine kwenye swichi ya umeme, pua inatafuta harufu ya kuungua. Akazungumza. Nilisikia mkwaruzo mdogo, nikaupunguza. Nilisikia mvumo, ukapita. Nikamwona mdogo wangu ameinamisha kichwa, mama anashika khanga machoni, watu wa nyuma kabisa, wale wa kwenye sufuria, wamenyamaza. Kisha vigelegele vya mwisho, na baba amekaa.

Miksa haikuungua. Na mimi sikuwa nimesikia neno hata moja.

Kwenye video ya mpiga picha, mashangazi wanapiga vigelegele juu ya kila sentensi. Nikamwendea baba, akasema alishasema. Siku nne baadaye, nikikunja suruali ya kazi niifue, kitu kikaanguka kutoka kwenye pindo. Ya arobaini na mbili. Wiki nzima nilikuwa natembea nayo.

Nikampigia mdogo wangu kwake, nikamweleza yote, nikamwomba anirudie wosia.

"Ulikuwa hatua sita tu kutoka kwa baba, kaka."

"Saba. Nipe basi hata nusu."

Alicheka. "Neno la baba haligawanyiki," akasema. "Ila nilimsikia. Lote."

Nikashuka. Nikaomba robo. Akaniambia nisalimie nyumbani, akakata simu.