Mwalimu Nabwile na Bendi Iliyopotea

Nabwile hakupenda kuonewa huruma. Mtu akianza kutikisa kichwa na kusema pole, pole mama, alimkazia macho mpaka mwenyewe akatafuta pengine pa kutazama. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa mtoto huko Bokoli, na alipopona masikio yalikuwa yamekwenda. Babu yake akaamua kwamba mtoto wa namna hiyo akae nyumbani achunge ng'ombe. Mama yake akakataa. Alimshika mkono asubuhi moja, mbele ya ukoo mzima uliokuwa umekaa uani, akatoka naye kwenda kumtafutia shule ya viziwi. Watu husema Nabwile amefanana na baba. Sura labda. Ubishi ni wa mama.

Sasa ni mama mtu mzima, anakaa Tuwan, Kitale, kwenye ploti yenye wapangaji wengi, na kazi yake ni kufundisha lugha ya ishara kwa kompyuta. Wanafunzi wake ni wazazi wenye watoto viziwi, wa Myanga, wa Bokoli, wa mjini Bungoma. Jumamosi hukutana wote pamoja, kila familia ndani ya kijisanduku chake kwenye skrini, na Nabwile hutazama mikono yote kwa mara moja. Ndiyo maana simu haikumfaa. Kwenye simu vidole vya watu hao vinakuwa kama punje za mchele.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Wafadhili fulani wa ng'ambo waliipeleka shule moja, shule ikaichoka, Nabwile akaiomba kabla haijatupwa. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hakuna jirani aliyeujua. Nabwile alijifunza kwa kuiharibu na kuitengeneza, kuiharibu na kuitengeneza, mpaka wakazoeana.

Kisha mwenye ploti akaleta ruta mpya. Fundi aliyeifunga alikuwa Kiptanui, kijana mwenye duka la simu pale barabarani. Ruta ile ilitoa waifai kwa bendi mbili, yaani njia mbili za mawimbi. Bendi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, kwa hiyo kila mtu huikimbilia: simu za wapangaji, televisheni zao, na ruta za ploti jirani zote zinapigania njia hiyo hiyo. Bendi ya gigahezi 5 haifiki mbali, lakini ina kasi na haina msongamano. Simu ya Nabwile iliona majina mawili, moja kwa kila bendi. Kompyuta yake iliona jina moja tu, la bendi iliyojaa.

Kwa mtu anayesikia, picha ikigandaganda si neno. Sauti inaendelea, mazungumzo yanaendelea. Kwa kiziwi, picha ikiganda ndio umemkata mtu ulimi.

Hilo lilijionyesha vibaya siku ya Abdikarim. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa anayeishi karibu na msikiti mjini Bungoma, na binti yake Aaliyah alizaliwa kiziwi. Mkewe, Arafa, alikuwa ameanza masomo kwa Nabwile pamoja na mtoto, na alitaka mtoto apelekwe shule ya bweni ya viziwi. Abdikarim hakutaka. Aliona ni kumtesa mtoto bure, kwamba hata akisoma hataongea na mtu. Arafa alimbembeleza aketi walau somo moja, aone mwenyewe.

Akaketi. Nabwile akamsalimu Aaliyah, akamuuliza habari ya nyumbani. Mtoto akainua mikono kujibu, na picha ikaganda. Ilipoachia, mikono ilikuwa imeshashuka. Nabwile akamwomba arudie. Ikaganda tena. Upande wa Bungoma, Abdikarim alichokiona ni binti yake akipunga mikono mbele ya sanamu ya mwanamke aliyeachama mdomo. Mtoto mwenyewe akachoka, akaweka shavu kiganjani.

Arafa ndiye aliyemwandikia Nabwile baadaye. "Mwalimu, baba Aaliyah amesema imetosha. Ati ameona kwa macho yake hakuna kitu hapo. Anasema mtoto abaki nyumbani anisaidie jikoni."

Nabwile alisoma ujumbe ule akiwa amesimama. Akaandika, "Mwambie Jumamosi aketi tena. Mara moja tu. Akikataa, mwambie nitakuja Bungoma nikae mlangoni pa duka lake."

"Si uje tu basi, mwalimu?"

"Nikija kwako, wa Myanga nitamwachia nani? Na wa Bokoli? Mimi nitatengeneza mashine."

Akaichukua kompyuta kwapani, akaenda dukani kwa Kiptanui. Nabwile alikuwa na sauti, nzito na isiyopanda wala kushuka, lakini maneno yalieleweka. Midomo ya watu aliisoma, ilmradi wamwangalie.

"Bendi ya tano haionekani," akasema.

Kiptanui akaifungua kompyuta, akaishangaa ile skrini, akacheka kidogo. "Mama, hii kitu ni ya zamani bana. Kadi yake ya waifai haiwezi hiyo bendi. Wewe tafuta ingine. Ama nikuwekee Windows, labda itaamka."

"Umeangalia kadi?"

"Si naona tu vile imezeeka."

"Mimi pia nimezeeka. Umeangalia?"

Kiptanui akakuna kisogo. Alikuwa na wateja wawili wanamsubiri. "Mama, jaribu kutumia simu tu. Simu inashika vizuri."

Nabwile akaifunga kompyuta, akairudisha kwapani. Njiani watu walimsalimu, hakumwona mtu. Kilichomuudhi si kijana yule kukosa jibu. Kilichomuudhi ni kwamba alikuwa amesikia maneno hayo hayo tangu utotoni, kuhusu yeye mwenyewe: huyu hawezi hiyo, mpe kitu kingine. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Nyumbani aliangalia. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaiuliza kompyuta ieleze kadi yake ya waifai inaweza nini. Maelezo marefu yakateremka. Bendi ya kwanza ilikuwepo. Akashusha chini zaidi. Bendi ya pili nayo ilikuwepo, na chaneli zake zote, vile vijia vya ndani ya bendi, zimetajwa kwa namba. Kadi ilikuwa inaweza! Nabwile alipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka.

Lakini aliposoma vizuri aliona kwamba chaneli kadhaa za mwisho, kuanzia ile ya 149, zilikuwa zimeandikwa kando kuwa zimefungwa. Hazikuharibika. Zilifungwa. Nani amezifunga?

Akarudi kwa Kiptanui, safari hii bila kompyuta. "Ile ruta ya kwetu, bendi ya tano umeiweka chaneli gani?"

Kijana alianza kusema hakumbuki, akauona uso wa Nabwile, akatoa simu na kuingia kwenye mipangilio ya ruta. "Mia moja arobaini na tisa," akasema, akaonyesha namba kwa kidole. "Kwani?"

"Kompyuta yangu imekatazwa hiyo. Nataka kujua ni nani ameikataza."

Sasa Kiptanui akasahau wateja. "Ngoja, ngoja. Kila nchi huwa na sheria yake ya chaneli. Mashine inafuata nchi yenye imeambiwa iko. Yako imeambiwa iko wapi?"

Nabwile alikuwa ameshageuka anaondoka. Kiptanui akafunga mlango wa duka nusu, akamfuata.

Walisimama wote wawili mbele ya kompyuta, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na hakuna aliyetaka kukikalia. Nabwile akauliza nchi. Ikaja kwa herufi mbili: JP.

"Japani!" Kiptanui akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, hii kitu iko Tuwan na inafuata sheria ya Tokyo!"

Wale wafadhili wa ng'ambo waliokuwa nayo kwanza ndio walioiambia hivyo, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa inatii, kwa kuwa hakuna aliyeiambia imehama. Nabwile akaandika amri ya kuijulisha kwamba sasa iko Kenya, KE, akabonyeza. Wakangoja. Jina la pili likajitokeza chini ya la kwanza, na alama zake zote zimejaa.

Kiptanui akainua mikono juu kama mtu aliyeona bao. Nabwile hakushangilia. Kesho yake umeme ulikatika, betri ya kompyuta ile nayo ilikuwa imekufa zamani, na ilipowashwa upya jina la pili halikuwepo. Mashine ilikuwa imerudi Japani.

Mtu mwingine angelia. Nabwile alivua leso kichwani, akaifunga kiunoni. Kama inarudi kila inapowashwa, basi kuna mahali maagizo ya kwanza yameandikwa, na inayasoma kila inapoamka. Alipekua mafaili ya mipangilio moja baada ya jingine, akakosea mara kadhaa, mara moja akaizima waifai yote na ikabidi airudishe. Hatimaye akaukuta mstari wenyewe, mfupi, ndani ya faili la kadi. Akafuta JP, akaandika KE. Akazima. Akawasha. Akazima tena, kwa makusudi, kwa kuikomoa. Akawasha. Majina yakaja yote mawili.

Jumamosi Abdikarim aliketi. Alikunja mikono kifuani na kusogeza kiti nyuma kidogo, kama mtu aliyekuja kumridhisha mkewe tu.

Picha ilikuwa safi kama maji. Nabwile akamwambia Aaliyah kwa ishara, "Siku ile ulitaka kuniambia kitu. Niambie sasa."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama baba. Kisha mikono ikaanza, na haikukatika.

Nabwile alimwacha amalize. Halafu akasema kwa sauti, ili Abdikarim asikie, "Anasema jino linamuuma. La nyuma, upande wa kushoto. Anasema akitafuna linapiga mpaka sikioni. Alikuonyesha wewe, ukamwambia ale chakula aache madeko."

Arafa akajishika mdomo. Alikuwa bado hajajifunza ishara ya jino. Siku zote hizo walimwona mtoto amekaa na shavu kiganjani, wakadhani ameshika tama, amenuna, ni mkaidi wa kula. Abdikarim akakunjua mikono yake kifuani. Akamvuta binti yake taratibu, akamfungua mdomo, akawasha tochi ya simu. Alichungulia kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa hakuwa yule aliyeketi.

Akamgeukia mkewe. Nabwile aliweza kusoma midomo yake kutoka Kitale, kila neno: "Muulize tangu lini. Muulize kama usiku analala."

"Usimuulize mama yake," Nabwile akasema. "Muulize yeye."

Abdikarim akaitazama mikono yake mwenyewe, mikubwa, iliyopima vitambaa maisha yake yote. "Sijui," akasema.

"Najua hujui. Sogeza kiti mbele."

Akasogeza. Nabwile akainua mikono yake miwili karibu na kamera, akafanya polepole ishara ya kwanza ya swali lile, akangoja Abdikarim aifuate.