Nilizing'arisha Kurasa za Mdogo Wangu, Nikamponza

Jamani, kosa ni langu na kalamu niliishika mwenyewe. Shetani nisimsingizie, ana kazi zake.

Mdogo wangu wa kike anasoma hisabati chuoni Moshi mjini. Alikuja nyumbani Kilema, akajikata kidole akikata majani ya ng'ombe. Na kazi ya chuo ilitakiwa Jumatatu!

"Kaka, una mwandiko mzuri, ninakilie. Ila usiongeze kitu!"

Sikuongeza. Nilipunguza!

Kurasa zilijaa herufi A, na nyingine zilikuwa na kistari kidogo juu begani, kama uchafu wa inzi. Mimi nimekulia kuchambua kahawa. Nikiona doa, natoa. Nikavitoa vyote. Kurasa zikang'aa kama shuka la Pasaka!

Akaipeleka chuoni, akarudi nyumbani na sifuri. Yeye aliandika kwamba seti A ni funge iwapo A′ imo ndani ya A. Kwa usafi wangu ikasomeka: iwapo A imo ndani ya A. Hata mbuzi wetu anajua hilo!

"Kile kistari ndicho somo lenyewe!" alilia. "A ni seti. A yenye kistari ni nukta kikomo zake, zile ambazo A inazisogelea bila mwisho."

"Sijaelewa."

"Ni wewe ukitumwa sokoni! Nusu ya njia hadi getini, halafu nusu ya iliyobaki, halafu nusu tena. Hatua zako ndizo A. Geti ndiyo nukta kikomo: unalikaribia kila siku, hulifikii!"

Nilicheka peke yangu. Yeye alizidi kulia.

Nikakata isale, lile jani ambalo huku kwetu ukiombwa nalo msamaha hukatai. Akalipokea, akanirudishia palepale.

"Mimi nimesamehe. Aliyenipa sifuri yuko mjini. Mpelekee."

Mimi? Mjini? Nikavaa shati la kanisani, nikavuka geti!

"Shikamoo mwalimu. Kalamu iliyoruka vistari ilikuwa yangu."

Mzee akalitazama jani mezani, akanitazama mimi, akaguna.

"Marahaba. Basi arudie. Ila wewe usiguse hata jina lake!"

Alirudia na bandeji yake, akafaulu.

Ndugu zangu, mkiona doa kwenye kazi ya mtu, ulizeni kabla ya kufuta. Mimi getini nimechorewa na mdogo wangu A kubwa ya chaki, na kistari chake juu. Mvua ikikifuta, natumwa nikirudishe.